Landilodi wa Walukuba

Wandera alimleta kutoka Masese
ndani ya jerikeni ya mafuta ya kupikia,
kasamaka ka kidole kimoja, rangi ya majivu.
"Shangazi, huyu ni furu tu, hana neno."
Hana neno!
Wiki tatu hazijaisha amevaa buluu ya sare mpya,
mkia mwekundu kama pilipili iliyoachwa mtini,
na chungu nilichokiweka kwa urembo
kikawa chake, na changarawe iliyo mbele ya chungu,
na maji yaliyo juu ya changarawe.

Sisi wa Walukuba tunawajua watu wa aina hiyo.
Nikamwita Landilodi.

Tangi alilitengeneza Kirunda, fundi vioo,
kwa mabaki ya dirisha la benki:
futi tatu kwa moja na nusu,
gundi nyeusi kwenye kona kama wanja uliopakwa gizani.
Lipo juu ya meza ya kushonea.
Cherehani imehamia sakafuni.

Wapangaji: ngege wadogo sita,
gogogo mmoja mwenye masharubu.
Landilodi alidai kodi kila asubuhi
na kuipokea kwa magamba.
Ngege mmoja nilimkuta amekufa nyuma ya pampu,
mkia umebaki miiba mitupu, ufagio wa mwaka jana.
Wa pili sikumkuta kabisa.

Nilijaribu. Nilimgongea kioo kwa pete.
Nilimlisha kabla ya wenzake, nikidhani shibe ni adabu.
Nilimtenga siku mbili ndani ya beseni la kufulia,
akapigana na beseni.

Naigaga, mwenye bwawa la samaki kule Bugembe,
alikuja kupimwa gomesi, akachungulia,
futi yangu bado imemzunguka kiuno.
"Usimpunguzie watu," akasema, "mwongezee.
Hasira ikigawanywa kwa kumi na wawili
kila mmoja anapata ya kulamba tu.
Na mawe yahamishe yote, usiku, yeye akiwa nje.
Umrudishe wa mwisho."

Saa tano za usiku, mikono majini hadi viwikoni,
nikavunja mtaa mzima.
Chungu kikaenda upande wa pili, gogo likalazwa,
jiwe la mtoni likasimama palipokuwa peupe.
Wageni wanane wakaingia.
Kisha yeye.

Sikutegemea nilichokiona.
Buluu ilimchuja kama leso ya bei rahisi.
Mistari ya woga ikamtokea ubavuni.
Alisimama kwenye kona, mapezi ameyakunja,
akiutafuta mlango wa nyumba iliyokuwa hapa jana.

Nami, maji yakinidondokea magotini,
nikaukumbuka mwaka nilioingia Jinja kutoka Tororo,
godoro kichwani,
kiwanda kimefungwa wiki ile ile,
nikiuliza njia kwa watu wasiogeuza shingo.
Nikakaa naye mpaka saa nane. Sijui kwa nini.
Alikuwa ameua wawili.

Siku ya nne rangi ilirudi, kidogo, mkiani.
Siku ya sita alichukua kona, si tangi.
Bado anafukuza, lakini akifika kwenye jiwe
anageuka, kama mtu aliyekumbuka kasahau funguo.

Juzi umeme ulikatika tangu jioni.
Pampu ikanyamaza. Nikawasha mshumaa
nikawakuta wote juu ya maji, midomo wazi,
wakigombea hewa bila kugombana,
Landilodi ubavu kwa ubavu
na ngege yule yule aliyemkimbiza mchana.
Nikachukua pampu ya baiskeli ya Wandera,
nikawapulizia mpaka bega likaniuma,
nikihesabu, mia, mia mbili,
nikisema moyoni: kumbe mnaweza.

Umeme ukarudi saa saba.
Taa haijatulia vizuri
akamng'ata gogogo,
na gogogo, chini ya gogo,
akalilia jina lake.